Miezi miwili nilimwagilia nondo nikidhani ni ethi: power supply ya maiki yangu ilivyoniumbua

"Sasa Mama Nasra, kama hiyo ethi ilikuwa mbovu, wewe uliyekuwa unaimwagilia maji kila asubuhi mbona hukusema?"

Hayo ni maneno ya baba mwenye nyumba wangu, Jumanne asubuhi, mlangoni kwake hapa Kanyenye.

Mimi mgongoni nina mtoto, mkononi nina kipande cha nondo chenye kutu. Nimemwamkia shikamoo, ameitika marahaba. Nimemweleza kwa adabu zote kwamba mwanangu amepigwa na umeme ndani ya nyumba yake. Akaitazama nondo, akanitazama mimi, akacheka.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilikuwa naimwagilia.

Wakuu, nawasalimu wote, waliopo na wanaochungulia bila kujiandikisha. Nayasimulia yote yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazonidhalilisha, maana nikizificha yupo mtu wa Tabora humu atanisaidia kuzisema.

Mimi ni form four leaver. Fizikia nilipata D na nyumbani tulisherehekea.

Kazi yangu ni kurekodi matangazo ya spika. Yale ya mnadani na madukani, "njoo mama, njoo baba, mbegu hizi hazichagui udongo". Ukipita Ziba siku ya mnada ukasikia mwanamke anakufokea ununue dawa ya kupe, ndiye mimi. Narekodia chumbani, mtoto akilala. Nasra ana mwaka mmoja na miezi miwili, yuko kwenye ule umri wa kusimama kwa kushika chochote kilicho mbele yake.

Sasa shetani wa mtandaoni akanipitia. Nikaona watu wanatengeneza maiki za valvu wenyewe. Valvu ni ile taa ndogo ya kioo iliyokuwa ndani ya redio za zamani za mbao. Wanasema inaipa sauti joto.

Nikamwambia mume wangu, Baba Nasra, yeye anauza spea za baiskeli.

"Sauti yako ina shida gani?"

"Haina joto."

"Kwa jua hili la Tabora?"

Redio ya marehemu babu ilikuwa stoo, nikaifungua, nikang'oa valvu moja nzima. Kichwa cha maiki nikaagiza. Maiki yenyewe haikunisumbua sana. Kazi ilikuwa kwenye power supply.

Valvu ni kama bibi harusi, inataka vitu viwili kwa wakati mmoja. Inataka volti sita hivi za kujipasha moto ndani, na inataka volti mia na ushee za kufanyia kazi. Nikachukua transfoma mbili kwenye amplifaya zilizokufa. Ya kwanza inashusha umeme wa ukutani hadi volti kumi na mbili. Ya pili nimeifunga kinyume, inaupandisha tena. Halafu dayodi, halafu kapasita za kuchuja.

Kapasita ya kwanza niliifunga kichwa chini miguu juu. Ikapasuka. Jirani yangu wa chumba cha nne, Mama Sele, alitoka mbio na mwiko akidhani ni mtungi wa gesi.

Ya pili nikaipatia. Valvu ikawaka rangi ya chungwa, ndogo kama kaa la jikoni. Nilimwita Baba Nasra aje aone. Nililia, wakuu. Kwa ajili ya taa.

Boksi la kuwekea vyote nikatumia kopo la bati la biskuti, lile lenye picha za rangi rangi. Liko imara, na maelekezo yalisema boksi liwe la chuma na lifungwe waya wa ethi, ili umeme ukivuja uende ardhini badala ya kupita kwa mtu. Nikafunga waya wa ethi kwa bolti na wosha mbili. Nilijiona injinia.

Nikarekodi. Nikasikiliza.

Ngrrrrrrrr.

Nyuma ya sauti yangu kuna mngurumo. Asubuhi ndiyo mkali, mchana unapungua, jioni unarudi. Nikamtumia hivyo hivyo mteja wangu wa Ziba nikijifariji kwamba hatasikia. Akapiga simu.

"Dada, tangazo zuri. Ila umerekodia mashineni kwa watu wanaosaga?"

"Ni style mpya kaka."

"Mimi nauza mbegu dada. Wa unga mwambie ndiyo style yake."

Nikaifumua ile power supply mara tatu. Nikaongeza kapasita, nikazitenganisha transfoma, nikasokota waya upya. Mngurumo uko pale pale. Nikaamini kabisa kwamba tatizo ni ile D yangu.

Ndipo nikaja humu kuomba ushauri, wengine mtakumbuka. Mmoja akaniambia, "kata waya wa ethi, mngurumo utaisha". Mwingine akaniambia udongo ukikauka ethi haifanyi kazi vizuri, mwagia maji ya chumvi pale ilipochimbiwa. Nikamfuata huyo wa pili.

Nyuma ya nyumba yetu kuna chuma kimechomoza kidogo ardhini, kimezungushiwa waya unaoingia ukutani. Sote tunajua hiyo ndiyo ethi ya nyumba. Basi kila asubuhi nikimaliza kumwogesha Nasra, nachukua beseni lile lile na povu lake, natia konzi ya chumvi, naenda kumwaga pale.

Mama Sele akawa ananisubiri uani.

"Shoga, hiyo inatoa maua lini?"

"Cheka tu. Hii ni sayansi."

"Basi ikizaa unikumbuke, mimi napenda bamia."

Na mngurumo ulipungua, wakuu! Haukuisha, ila ulipungua. Nikarudi kwenye uzi wangu nikaandika, "imefanya kazi mkuu, Mungu akuzidishie". Bado ipo, msiitafute.

Nikaendelea hivyo miezi miwili. Mchicha wa watu ulikauka, mimi chuma changu kinakunywa.

Mwezi uliopita nikaenda Lusu kumwona mama yangu, nikakaa siku nne. Siku nne hakuna aliyemwaga maji pale, na nani angemwaga, mwendawazimu wa nyumba alikuwa amesafiri.

Jumapili usiku nimerudi. Jumatatu asubuhi nikamwogesha Nasra, nikamweka chini kwenye sakafu, bado ana majimaji, nikageuka kuanika taulo dirishani. Kopo la biskuti lilikuwa chini kando ya mkeka. Nililiweka mimi. Plagi iko ukutani, lakini swichi ya soketi imezimwa, niliizima kwa mkono wangu kabla ya kusafiri.

Mtoto akaona picha za biskuti. Akalishika asimame.

Mama yeyote anajua vilio vya mwanawe. Kile sikuwahi kukisikia. Nilipogeuka alikuwa ameanguka chali, mikono imekakamaa, macho yananitafuta.

Sijui nilifikaje zahanati. Nesi alimpima mapigo, akamwangalia viganja, akatuweka tukakaa hadi mtoto akanyonya na kuanza kuvuta kamba ya kipimo shingoni mwa nesi.

"Alishika nini?"

"Kopo la biskuti."

Akaandika. Kisha akaacha kuandika akanitazama.

Njiani kurudi sikuwa na hasira na mtu. Nilijua ni mimi. Nilijua kapasita hubaki na umeme hata ukizima, nikasema tayari, nimetaka kumuua mwanangu kwa ajili ya sauti yenye joto. Nasra nikamwacha kwa Mama Sele, nikafungua kopo kulipima.

Kapasita sifuri. Nilizifungia rezista ya kuzimaliza umeme, na ilifanya kazi yake.

Lakini nilipoligusa bati kwa mgongo wa kidole, likanipiga. Swichi imezimwa! Mama Sele akiwa mlangoni na mtoto akasema, "Hiyo maiki imekaliwa na jini. Itoe ndani." Nakiri kwamba kwa dakika nzima nililifikiria wazo hilo.

Nikachomoa plagi. Kimya. Nikachomeka, swichi bado imezimwa. Likapiga.

Hapo ile D ikaamka. Swichi ya ukutani inakata waya wa moto tu. Waya wa ethi haukatwi. Kama boksi linapiga swichi ikiwa imezimwa, umeme unakuja kwa njia ya ethi, yaani kwa ule waya niliofunga kwa bolti na wosha mbili ili utulinde.

Nikachukua testa nikaiingiza tundu la juu la soketi, la ethi. Ikawaka.

"Shika mtoto wako," Mama Sele akasema, "nikazime birika, maji yamechemka."

Akaenda. Taa ya testa ikazimika mkononi mwangu.

"Mama Sele! Washa tena!"

Akawasha, ikawaka. Akazima, ikazimika. Tulirudia mara tano, yeye akaanza kuogopa, mimi nikaanza kuelewa.

Birika lake la chuma lilikuwa linavujisha umeme kwenye bati lake. Nyaya za ethi za vyumba vyote sita zimeunganishwa pamoja. Ethi ingekuwa ya kweli, umeme ule ungeingia ardhini siku ya kwanza, pengine ungeangusha swichi kubwa, tungejua birika ni bovu. Badala yake ulikuwa unazunguka nyumbani kwetu ukitafuta pa kutokea. Kwenye pasi ya huyu, kwenye friji ya yule, kwenye kopo langu. Mngurumo wa asubuhi na jioni ulikuwa chai ya Mama Sele.

Tukazima swichi kubwa ya nyumba, nikaenda uani kuangalia kama waya umelegea. Nikakishika kile chuma.

Kikatoka chote. Sikukivuta hata kwa nguvu, kilitoka kama muhogo kwenye kichanga.

Nondo ya ujenzi. Urefu wake tangu kiwiko hadi ncha ya vidole. Ethi ya kweli inachimbiwa chini kuliko kimo changu. Hicho kilizungushiwa waya ili kionekane. Maji yangu ya chumvi yaliufanya udongo usaidie kidogo, ndiyo maana mngurumo ulipungua, ndiyo maana sikushtuka mapema. Siku nne bila maji, udongo ukakauka, mwanangu akawa na mikono mibichi.

Ndipo kesho yake nikaenda kwa mwenye nyumba, akaniambia aliyoniambia.

Akaongeza, "Nyumba hii ina miaka na hajafa mtu. Achana na vimaiki vyako, lea mtoto."

"Baba, nakuheshimu. Lakini hii nondo naondoka nayo, naipeleka ofisini."

"Ofisi gani inapokea nondo?"

Nimeipata, wakuu.

Nilichojifunza nitakisema bila mapambo. Usikate ethi eti kuondoa mngurumo, mngurumo ndio uliokuwa unanipigia kelele miezi miwili. Usiamini chuma kwa sababu kina waya. Usiweke kazi yako sakafuni kama nyumba ina mtoto, hilo ni kosa langu na silimsukumii mtu. Kopo sasa liko juu ya kabati, halijachomekwa, na halitachomekwa hadi ethi ichimbwe. Tangazo la Ziba nimelirekodi kwa simu nikiwa nimejifunika blanketi. Mteja kasema ndiyo bora kuliko yote.

Wenye ujuzi nielezeni ethi inapimwaje kitaalamu, nimsimamie fundi akija. Waliowahi kukuta nondo kama yangu semeni, nisijione peke yangu. Na wewe uliyeniambia nikate ethi, jitokeze tuzungumze.

Barua niliyoipeleka hii hapa. Nimetoa majina tu. Baba Nasra alitaka niondoe aya ya tatu, nimekataa, kwa sababu mwenye nyumba angeanza na hiyo.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYE NYUMBA KWA KUWEKA ETHI ISIYO YA KWELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wa chumba namba mbili. Siku ya Jumatatu asubuhi mwanangu alipigwa na umeme baada ya kushika boksi la chuma ambalo swichi yake ilikuwa imezimwa. Cheti cha zahanati nimeambatanisha.

Tulipochunguza tuligundua kwamba nyumba haina ethi. Kilichowekwa ni kipande cha nondo, ambacho nakikabidhi kwako pamoja na barua hii.

Nakiri kwamba kwa muda wa miezi miwili nilikimwagilia kipande hicho maji ya chumvi nikidhani ni ethi. Kutojua kwangu hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kutudanganya.

Nilimfuata kwa heshima akakataa kurekebisha. Naomba aagizwe kuweka ethi ya kweli na kifaa cha kukata umeme unaovuja, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni, na ipimwe sisi wapangaji tukiwepo. Hadi hapo naomba asipangishe chumba cha tano kinachotarajiwa kuwa wazi.

Nyumba hii ina watoto tisa. Wanne kati yao bado hawajajua kusema walichoshika.

Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Wamesaini: mimi, Mama Sele, na wapangaji wa vyumba vinne vilivyobaki.