Alto Haisikiki Kwenye Telefone

Nilimzaa binti yangu wakati wa mvua, na baada ya hapo sikusikia kitu. Masikio yalikuwa mazima, nasema ndani ya moyo. Akilia nilimchukua. Akinyonya nilimtazama. Watu wakiingia na sabuni na pampasi za mtoto wakasema "mutoto muzuri", nilisema asante. Ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama unagusa mguu wa mtu mwingine.

Kabla ya mtoto nilikuwa alto katika kwaya ya parokia yetu, hapa mtaani Kamalondo. Alto ni ile sauti ya wanawake inayokaa chini ya soprano, ile ambayo watu waliokaa kwenye mabenchi hawaijui mpaka siku ikosekane. Babu yangu, aliyefanya kazi ya reli, aliimba basi humo, ile sauti nzito ya chini ya wanaume. Mama aliimba alto humo. Mimi niliingia nikiwa bado na sare ya shule, na tangu hapo sikujua Pasaka nyingine isipokuwa ile ya kusimama kule juu, mstari wa pili, nikibanwa na mabega ya wanawake wengine.

Mwaka huo maestro, mwalimu wetu wa kwaya, alichagua wimbo mpya kwa ajili ya Pasaka: Kilatini, sauti nne, kazi ya Mjerumani mmoja wa zamani. Zamani alikuwa akitufundisha kwa ubao. Aliandika do, re, mi kwa chaki, kila sauti kona yake, tukarudia mpaka koo likauke. Sasa alichoka, au alizeeka, sijui. Aliwaambia watu kwamba ubao umekwisha, muziki wote wa dunia uko kwenye telefone, kila mtu aende kusikiliza kwake, mazoezini tutakuja kuunganisha tu.

Hayo niliyapata kwa mama prezidanti wa kwaya, alipokuja kunisalimia. Alikaa kitandani kwangu bila kuulizwa, akamshika mtoto, akaniambia:

"Mama mutoto, pumuzika. Pasaka hii apana. Weye sikiliza tu ku telefone."

"Na fasi yangu?"

"Fasi yako tumeweka mudada mwingine. Shi unajua kanuni: mwenye hakuye ku repetisyo, ku mazoezi, haimbe sikukuu. Na muzazi hawezi kutoka."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupunguzia mzigo. Alipoondoka nilifikiria jambo moja tu. Kama wote wanajifunzia nyumbani kwa telefone, na mimi niko nyumbani na telefone, nimekosa nini? Nilitaka kuimba Pasaka ile. Hakukuwa na kitu kingine nilichokitaka. Hata chakula nilikula kwa sababu mama mkwe alikuwa anasimama mbele yangu mpaka sahani iishe.

Bwana wangu anafanya biashara ndogo ya unga Sakania, mpakani, anarudi anapoweza. Aliporudi nilimwambia aniwekee hiyo aplikasyo ya muziki. Aliniwekea ile ya kulipa, kwa sababu mwezi wa kwanza ni bure, akacheka.

"Muziki ya maziko ule? Weye utalala."

"Niwekee tu."

Basi nikaanza. Mtoto kwenye ziwa, telefone kwenye goti. Grupu ya kwaya nayo ilikuwa imewaka moto, kila mtu na maoni yake juu ya aplikasyo gani ni bora, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Mzee mmoja wa basi alisema ile ya kulipa ina heshima, inakuonyesha jina la mtunzi na la anayeongoza, lakini ile ya bure inakuandikia namba tu kama gereza. Tenor mmoja akajibu kwamba yeye haoni tofauti, mega za intaneti zinaliwa sawasawa. Soprano mmoja alikuwa na malalamiko ya kweli:

"Ya bure inanikatia katikati na tangazo ya bia. Banaimba Bwana amefufuka, mara moja muntu anasema kunywa baridi."

"Shi ni Pasaka," tenor akajibu. "Bantu banakunywa."

Watu walicheka siku nzima. Mimi nilisikiliza kicheko chao nikiwa na uso kama ukuta.

Mega zikinibana, nilikuwa nasoma maoni ya wasikilizaji yaliyoandikwa chini ya aplikasyo yenyewe, kwa Kifaransa. Watu ambao sitawaona maishani. Bwana mmoja alikuwa na hasira kwa sababu kati ya kipande na kipande aplikasyo inaweka kimya kidogo, na mtunzi hakutaka kimya pale. Aliandika kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Mama mmoja alisema akitafuta jina la mtunzi anapewa muziki wa sinema. Mwingine alisema violini zinalia kama sahani za bati, na kwamba sauti imebanwa, na kwamba anaondoka, anaenda kwa washindani, na kwamba alikuwa mteja mwaminifu. Nilisoma yote. Nilirudi kusoma. Niliwaonea wivu. Mtu anapata wapi nguvu ya kukasirikia kimya kidogo namna ile? Mimi nilikuwa na mtoto mzima mikononi na sikuwa na nguvu hata ya kumfurahia.

Malalamiko yangu mimi hakuna aliyeyaandika. Nilitafuta, hayakuwepo. Kila nilipoucheza ule wimbo wa Pasaka, soprano ziko juu zinang'aa, basi ziko chini zinatembea, na alto imeyeyuka kama kitunguu ndani ya mchuzi. Unajua ipo. Haya, itoe. Nilijaribu waimbaji wengi, Wajerumani, Waingereza, wengine sijui wa wapi. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasimamisha. Nilikuwa napata noti moja, napoteza ya pili. Nikaweka telefone ndani ya sufuria tupu ili sauti iongezeke. Mama mkwe akaingia na maji ya moto ya kunikanda tumbo, akaangalia sufuria.

"Unapika nini?"

"Bazungu."

"Bameiva?"

"Hapana, mama. Bangali babichi."

Alinikanda, akamaliza. Lakini alibaki amekaa pale, akasikiliza mpaka mwisho, na alipotoka alisema, "Hii inarudia mwanzo mara mbili. Sawa vile bilio ku matanga." Ni kweli. Katika ule niliouchagua, wa waimbaji wachache, ambako alto ilijitokeza kidogo kuliko kwingine, walikuwa wakimaliza sehemu ya kwanza, wanarudi mwanzo, kisha ndipo wanaendelea. Nikajifunza hivyo.

Halafu aplikasyo ikaanza kunipangia. Kwa sababu nilikuwa nasikiliza saa za kunyonyesha, na vipande vilevile, ikaona kwamba mimi ni mtu wa kulalishwa. Kila nikifungua: piano ya kulala. Piano ya mtoto. Piano ya mvua. Muziki wa kutuliza mama. Natafuta Mjerumani wangu, naambiwa pumua. Nilikaa nikiangalia kile kioo, na nikaona kwamba hiki kitu na mama prezidanti ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wameniangalia, wameona maziwa, wamesema: huyu alale.

Hapo kitu kidogo kilisogea. Si furaha. Ilikuwa kama pale mguu unapoanza kuchomachoma.

Jumamosi moja ya Kwaresima, mchana, kulikuwa na mazoezi makubwa, sauti zote nne pamoja. Nilimwambia mama mkwe naenda. Alinitazama tumbo, akanitazama miguu.

"Mama yako anajua?"

"Apana."

"Basi tuende wote. Mutoto nitabeba miye. Utaniambia nini nikikukataza, na miye nasikia ule muziki yako kila siku mu sufuria yangu?"

Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa na mtoto. Mimi nilipanda, nikajiingiza mstari wa pili. Yule dada aliyepewa nafasi yangu alisogea kunipisha. Si mtu mbaya. Mama prezidanti aliniona. Alifungua mdomo, lakini maestro alikuwa tayari ameinua mikono.

Tukaanza, na ilikuwa fujo ambayo sijawahi kuisikia kwetu. Kila mtu alikuja na telefone yake ndani ya koo. Soprano walikuwa wanakimbia, kwa sababu wao walisikiliza waimbaji wanaokimbia. Wale wa basi walikuwa wanaburuta miguu kama maziko. Tenor wawili walikuwa na Kilatini kingine. Maestro alipiga stendi ya karatasi zake kwa kalamu, tukaanza tena, akapiga tena. Jasho lilimtoka. Mara ya mwisho tulifika hadi mwisho wa sehemu ya kwanza bila kuanguka, na mimi nilivuta pumzi, nikarudi mwanzo.

Wengine karibu wote walisonga mbele.

Wachache waliorudi pamoja nami walinyamaza mara moja. Waliosonga mbele nao wakanyamaza, kwa mshangao. Nikabaki mimi. Nilijua niko peke yangu, mtu asiniambie sikujua. Ningeweza kufunga mdomo na kuomba msamaha, ndivyo tunavyofanya. Lakini ile alto niliyokuwa naitafuta ndani ya sufuria wiki zote zile, sasa ilikuwa inatoka, noti moja, ya pili, ya tatu, bila soprano juu yake. Si nzuri sana, kusema kweli. Alto peke yake ni kama ukuta bila paa. Inakaa palepale, inashuka kidogo, inarudi palepale. Niliiimba yote mpaka mwisho wa sehemu ile. Mtu alicheka katikati, halafu akaacha.

Maestro alisema, "Mama, ile kurudia tulikata. Iko ku fotokopi ya wimbo tuligawa."

"Fotokopi sikupewa. Bananiambia nisikilize ku telefone. Nilisikiliza."

Akajipangusa uso. Akawageukia alto wengine. "Na mweye mulikuwa wapi? Sikia, noti zote uyu iko nazo."

Mmoja akasema, "Maestro, ku telefone alto haisikike."

"Nimesikia vile." Akachukua telefone yake, akasogea hadi mbele yangu. "Bon. Mama, imba tena, polepole. Nitakamata sauti yako, nitatuma mu grupu, ba alto bote bajifunze nayo."

"Na Pasaka nitaimba?"

Alimtazama mama prezidanti. Mama prezidanti akatazama madhabahu.

"Pasaka," maestro akasema, "shi unajua kanuni."

Na hapo hasira ilikuja. Yote kwa pamoja, ya tangu hospitali, ya sabuni na asante, ya piano ya kulala. Ilipanda kutoka miguuni na nilifurahi kuiona, kama unavyofurahi kumwona ndugu mkorofi aliyerudi kutoka mbali. Sikupiga kelele.

"Apana, maestro. Sauti yangu haiendi mu grupu, miye nibakie ku nyumba. Haina vile. Mwenye kutaka alto, iko hapa. Inasimama fasi hii. Ukiniondosha, natoka nayo."

Kimya. Kimya kirefu kuliko kile kilichomkasirisha yule bwana wa maoni. Kisha sauti ya mama mkwe kutoka nyuma, bila haraka, na mtoto begani:

"Maestro, unisamehe, miye si muimbaji wa korale. Lakini kanuni yenu inasema repetisyo. Na repetisyo mulipeleka ku telefone. Basi uyu amefanya repetisyo kila siku, mu sufuria yangu. Ile siku ya Pasaka mutoto nitashika miye."

Mzee mmoja wa basi akacheka kwa pua. Maestro alirudisha telefone mfukoni.

"Jumanne ukuye ku repetisyo," akasema hatimaye. "Na bengine bote, bakuye. Nitaleta ubao." Halafu akanyoosha kidole kwangu. "Na ile kurudia, usahau."

Mama prezidanti alinipa fotokopi yake mwenyewe. Hakuniangalia alipokuwa ananipa, na mimi sikusema asante.

Njiani kurudi tulipita kwa mama anayeuza samaki wa kukaanga pembeni ya barabara, na harufu ikanishika tumbo. Niliomba tununue. Mama mkwe alinunua, na nilikula nikiwa nimesimama, mafuta kwenye vidole, bila mtu kunisimamia.

Mwezi wa bure uliisha na sikuuendeleza. Kabla ya kuifuta aplikasyo niliandika maoni yangu chini ya yale mengine, kwa Kifaransa changu cha sekondari: nyota moja, alto haisikiki, na mimi sikuomba kulalishwa. Sijui kama mtu aliyasoma.

Pasaka niliimba, mstari wa pili, nikibanwa na mabega. Hakuna aliyenisikia, na ndivyo alto inavyotakiwa. Sitadanganya kwamba nilijaa furaha. Nilikuwa nahesabu mapigo na viatu vilinibana. Lakini katikati ya wimbo watoto wawili au watatu walilia kule chini, kwa pamoja, kama wanavyofanya kwenye misa ndefu, na kichwa changu kiligeukia mmoja tu, kabla sijafikiria. Alikuwa wangu. Maestro alinikazia macho. Nikarudisha uso wangu kwake, na noti yangu ilikuwa bado ipo.