Kompyuta ya Marehemu Kambi

Kadii alisomea kompyuta Mombasa, kisha akarudi Marereni kulinda mashine nne za chama cha wakulima waliokuwa wakidai ardhi yao mahakamani. Wenzake wa chuoni walimcheka. Yeye aliamini kwamba mnyonge naye ana haki ya siri zake.

Wiki hiyo aligundua kuwa barua pepe za chama zilikuwa zikisomwa njiani. Akaandika kanuni ya kusaka, yaani maelezo ya alama zinazojulikana za programu inayodukua mawasiliano, mfano wa alama za vidole vya mwizi. Akaipitisha kwenye mashine tatu. Safi. Ya nne ilikuwa ya katibu wao, marehemu Kambi, na mtandao wote wa ofisi ulipitia humo. Tangu mazishi ilifunikwa leso, ikinguruma peke yake.

"Baba, niruhusu niifunue," alimsihi mwenyekiti, Mzee Gona.

"Hanga halijaisha, mwanangu, bado tuko matangani. Vitu vyake havishikwi mpaka wazee wakae."

"Mwizi yumo humo!"

"Mwizi gani huyo, hali wala hakohoi?" Mzee akacheka. "Wewe na wadudu wako! Mashine tatu umepekua, hata sisimizi hukupata."

"Basi tusitume majina ya mashahidi. Nitayapeleka mwenyewe kwa wakili, Malindi."

Kicheko kikakatika. "Nimeyatuma asubuhi."

Kadii akaketi. Angemlaumu nani? Mzee alimheshimu maiti. Hao waliovamia hawakumheshimu hata aliye hai.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa Dzombo, shahidi pekee aliyeona kwa macho yake nyumba za wakulima zikibomolewa.

"Kadii, kuna mtu kanipigia. Anajua jina langu, anajua na shule ya wanangu. Mimi simo tena. Nifuteni."

"Kaka Dzombo, ngoja kwanza—"

Akakata.

Mzee Gona, aliyekuwa kando yake, aliyasikia yote. Aliinuka polepole, akaivua leso kwa mkono wake mwenyewe. "Haya, fanya kazi yako."

Kadii aliipitisha kanuni. Mstari mwekundu ukajitokeza papo hapo: programu ilikuwemo, imekaa raha mustarehe, na majina yalikwisha kwenda. Aling'oa waya wa mtandao, akampigia Dzombo. Akapiga tena.

"Anasemaje?" mzee akauliza.

"Amezima simu, baba."