Majivu ya Njiani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, mwaka ambao Warundi walianza kumiminika tena katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, habari za kipindupindu zilifika kijijini kwetu Makere. Ilisemekana msafiri mmoja amefia njiani. Nani, wapi, hakuna aliyejua. Wazee walisema ugonjwa wa namna hiyo hufuata nyayo za mtu. Bibi, aliyetulea mimi na mdogo wangu Yusto, akamwaga majivu kukata njia ya kuingilia nyumbani, na jirani zetu wakafanya vivyo hivyo.

Nilijisikia salama nyuma ya majivu yale. Ila gulio, soko letu la kila wiki, lilivunjika, na gari lililotuletea sabuni na chumvi ya Uvinza likawa linapita bila kusimama, maana dereva naye alituogopa sisi. Tukala maharage yasiyo na chumvi. Bibi alisema tutazoea.

Aliyeumia zaidi ni Nesi Mwanaidi wa zahanati, mgeni kutoka Tanga. Kwa kuwa alishika wagonjwa, watu waliona ndiye atakayeuleta. Akija kisimani, wanawake walibeba ndoo zao na kamba ya kutekea, wakaondoka. Hakuna aliyekubali kumuuzia unga. Nilimwona akirudi na kikapu kitupu, akitusalimia "mwakeye", salamu pekee ya Kiha aliyoijua, kwa lafudhi yake ya pwani. Hatukuitika.

Kisha Yusto akaanza kuharisha na kutapika. Kufikia asubuhi macho yalikuwa yamezama na hakuwa na nguvu hata ya kulia. Bibi alimfunga mgongoni, tukavuka majivu kwenda zahanati. Tulimkuta nesi amekaa juu ya sanduku lake mlangoni, akisubiri pikipiki impeleke Kasulu.

"Nesi, unaondoka?" bibi aliuliza.

"Bibi, mtu hawezi kuishi bila maji."

Bibi alimfungua Yusto mgongoni. Nesi alimtazama, akainuka, akafungua tena mlango.

Alichanganya dawa katika maji machache aliyobakiza, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Pikipiki ilipofika, aliirudisha. Mchana Yusto alitapika yote, nesi akaanza naye upya. Jioni mtoto alikojoa, na nesi akatabasamu.

"Bibi," alisema taratibu, "mimi sijala tangu jana."

"Basi twende nyumbani."

Tulipokaribia kwetu, jirani walikuwa wamesimama nje. Mama Neema akasema, "Bibi, huyo usimpitishe hapo."

Bibi alisimama kwenye mstari. Akainama, akachota majivu, akamwekea nesi viganjani, akaniagiza maji. Alimsugua mikono polepole, vidole hadi viwiko, watu wote wakiona. Kisha akasugua yake.

"Amenawa," alisema kwa Kiha. "Kama alikuwa na kitu, kimebaki hapa. Sasa ni mgeni wangu."

Nesi hakuelewa maneno yale. Alivuka, akala maharage yetu kama yana chumvi.

Kesho yake Mama Neema alimpisha kisimani, baada ya kumwambia anawe kwanza kwa majivu. Nesi alinawa. Siku zilizofuata wanawake nao walinawa, na nesi mwenyewe akawahimiza, kwani sabuni haikuwapo. Gari lilichukua muda mrefu zaidi kusimama tena kwetu.

Nilipokua nilimuuliza bibi kama aliamini kweli nguvu ya majivu yale. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Nilikuwa na mjukuu mgonjwa," alisema, "na mtu mwenye njaa, na watu wenye hofu. Ningefanyaje?"

Nesi aliwahi kutuambia kuwa pengine Yusto hakuwa na kipindupindu, lilikuwa tumbo tu la watoto. Sikumbuki mtu mwingine aliyeugua Makere msimu ule. Hata hivyo tulikosa chumvi, tukaacha kusalimiana, na mtabibu pekee tuliyekuwa naye tulikaribia kumfukuza kwa kiu. Yusto sasa ni kijana mrefu, ana ndevu. Nikimtazama huwa nafikiri jinsi tulivyokuwa karibu kumpoteza kwa hofu ya ugonjwa ambao labda haukufika kabisa.