Mchicha Uliokatwa Mizizi

Ipo siku moja ya soko la Kabanga, kule mpakani, ambayo naikumbuka kila ninapoona mchicha, mwanangu. Kaka yangu alikuwa ameoa karibuni, na mama akamtuma mkewe, Generoza, akauze mboga kwa mara ya kwanza. Nilifuatana naye na ndizi zangu. Tulitoka kwetu Ntobeye giza bado.

Generoza alikulia Biharamulo mjini, na alitaka sana kumpendeza mama mkwe. Kwa hiyo aliamka jogoo la kwanza, akaung'oa mchicha kwa taa, akauosha wote, akakata mizizi yenye udongo, akafunga mafungu yaliyonyooka. Kwa kweli ulipendeza. Lakini wanunuzi walitazama tu, wakaenda kwa jirani ambaye mchicha wake ulikuwa na mizizi na tope. Jua likapanda. Majani yakaanza kulegea, na Generoza naye akalengwa na machozi. Bibi harusi kurudi na tenga limejaa siku yake ya kwanza ya kutumwa! Watu wa kwetu wasingesahau.

Kijana mmoja wa kubadilisha fedha akacheka. "Shemeji, mchicha umeunyoa hivyo, unaupeleka kipaimara?"

Ndipo mama mmoja mtu mzima akainama kwenye tenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mizizi iko wapi?"

"Nimekusafishia, mama."

"Sasa nitajuaje kama umeng'olewa leo?"

Akavunja shina. Likalia ta! Generoza akanyoosha mkono kumzuia.

"Usinione mkorofi, binti," yule mama akasema. "Nina mama yangu nyumbani, meno yameisha. Mchicha wa leo unaiva upesi, anakula anamaliza. Wa jana hata niutie karanga, anatafuna nyuzi, anautema, analala na ugali mkavu."

Generoza akaurudisha mkono. "Basi vunja, mama. Vunja shina katika kila fungu."

Akavunja, akanunua, na wapita njia wakasimama nao wavunje. Tenga halikuisha, ila lilirudi jepesi. Tulipomsimulia mama nyumbani, alicheka hadi akaketi chini, kisha akapika yale mafungu yaliyobaki. "Haya, njooni tule mboga ya kipaimara," akasema, akampakulia Generoza kwanza.

Mwanangu, jana nilikuona ukimpokonya mteja fungu la matembele kwa sababu alilinusa na kuligeuza. Hakudharau shamba lako. Kuna mtu nyumbani ambaye yeye anamfikiria: mzazi mzee, au mtoto anayekataa chakula. Hakuwepo ulipochuma, na hilo jani ndilo pekee linaloweza kumweleza lilichumwa lini. Mwache avunje, mwache anuse. Chuma asubuhi, na mboga iliyolala useme kwamba imelala.

Mungu akujalie wateja wasumbufu, na kila jioni akurudishe nyumbani na tenga jepesi.