Mlango wa Kushoto

Gari langu la sasa lina tabia moja niliyoipenda hata kabla sijaliangalia vizuri. Ukiliondoa, likishika mwendo wa kama ishirini hivi, milango yote minne hujifunga loki yenyewe. Tak. Huhitaji kukumbuka wala kunyoosha mkono. Ukifika na kuzima injini, inajifungua. Muuzaji alinieleza mengi siku ile: tairi mpya, kamera ya nyuma, mafuta linayokula kidogo. Mimi nilikuwa nimeshasikia ile tak, na hayo mengine sikumbuki kama niliyajibu.

Sababu ninayo. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa na gari kuukuu, la kufungwa mlango mmoja mmoja kwa mkono. Jioni moja nilikwama kwenye foleni hapa Nakuru, karibu na soko, nikiwaza nitapika nini, na mlango wa kushoto ukafunguliwa. Mwanamume wa makamo, amevaa shati safi kabisa, aliinama, akachukua mkoba wangu kwenye kiti, akanitazama. Kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Nilipoteza simu, kitambulisho na funguo za ofisi, lakini kilichoniuma zaidi ni kule kuufunga. Alinifanyia adabu ndani ya gari langu.

Nyumbani nilisema nimesahau mkoba mahali. Nilijua nikisema kweli nitaulizwa kwa nini mlango ulikuwa wazi, na mimi ni mtu wa kukasirika haraka nikiulizwa swali ambalo nimeshajiuliza mara mia. Tangu siku hiyo, kila nikikaribia foleni ile viganja vyangu hulowa jasho. Ile tak ndiyo dawa yangu.

Baba yangu anaishi Subukia, kwenye shamba nililozaliwa. Ana ng'ombe watatu na kichwa kigumu. Kwa vile nimepewa jina la mamake, huniita mama, na huniita hivyo hata akiwa amenikasirikia, jambo ambalo hufanya ugomvi wetu usikike vibaya kwa wageni. Mwaka juzi aligunduliwa kuwa na presha ya macho. Daktari wa Nakuru alitueleza bila kuzunguka: ugonjwa huu hauumi, unakula tu uwezo wa kuona, ukianzia pembeni kuja katikati. Kuna matone ya kila jioni, na kila mwezi lazima apimwe. Kilichokwenda hakirudi.

Nikasema hilo si tatizo, nina gari. Siku ya kliniki ya kwanza nilifika Subukia asubuhi. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani, kadi ya kliniki iko kwenye bahasha ya kaki. Alikaa mbele pembeni yangu, akasifu kiti. Tukatoka getini. Kabla hatujafika kwa jirani wa pili, milango ikajifunga.

"Ni nini hiyo?"

"Ni loki tu, baba. Inajifunga yenyewe. Ni ya usalama."

"Fungua."

Nilimwonyesha kidude cha kuvuta kwenye mlango wake. Akakivuta, loki ikafunguka. Gari likashika mwendo tena, tak. Akakivuta tena. Mara ya tatu akasema, "Simamisha gari, mama."

Nilisimama nikidhani anataka kujisaidia. Akashuka, akafunga mlango vizuri, akaanza kutembea kuelekea stendi na bahasha yake kwapani. Nilimfuata kwa gari, mwendo wa kuchunga ng'ombe, nimeshusha kioo, nikimbembeleza.

"Panda, baba. Watu wanatuona."

"Waone."

"Si hata matatu ina mlango?"

"Wa matatu una mtu wake. Ukigonga bodi, anafungua. Huu wako una nani?"

"Hauhitaji mtu."

"Ndiyo hiyo shida yake," akasema, akapungia boda boda mkono.

Nilipandisha ule mlima wa kutoka Subukia hadi Bahati peke yangu, na kiti cha kushoto hakina mtu, nikimlaani kimoyomoyo na kuomba msamaha papo hapo. Nilimngoja kliniki. Aliingia akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akanisalimia kama vile hakuna kilichotokea.

Tuliendelea hivyo, yeye na boda boda zake, mimi na gari langu tupu. Halafu mvua zikaja, barabara ya kwetu ikawa tope, akakosa kliniki mwezi mmoja. Akakosa na wa pili. Mwezi wa tatu alipofika, daktari alishika kalamu pembeni ya uso wake na kuisogeza mbele taratibu, akimwambia aseme atakapoiona. Ile kalamu ilikaribia kufika puani ndipo baba akasema, "Sasa naiona." Daktari aliandika kwenye kadi. Mimi nikatazama ukutani kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Subukia kugombana. Nilimkuta zizini akikamua, jua likiwa bado juu ya kilima. Siku hizi hukamua kwa kupapasa, na bado ana kasi kuliko mimi. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba anaona heri awe kipofu kuliko kukaa kwenye gari la bintiye. Kwamba nimechoka kumbembeleza barabarani kama mchumba. Kwamba kama ni kiburi, basi akimalize mwenyewe, mimi sitashika mkono wa mtu aliyejipofusha. Hilo la mwisho nililijutia kabla halijaisha kutoka mdomoni.

Aliendelea kukamua. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Kisha akaniuliza kama nakumbuka alipokuwa akiendesha lori la maziwa.

Nakumbuka. Alikuwa akiondoka kabla ya sisi kuamka, akikusanya maziwa ya wakulima, na akirudi shati lake linanuka uchachu. Akaniambia kwamba asubuhi moja ya masika alikuta gari dogo limeteleza kutoka darajani na kuingia mtoni, pua chini, maji yamefika kwenye vioo. Ndani kulikuwa na mume na mke. Aliingia majini hadi kifuani, akashika mlango, akavuta. Ulikuwa na loki. Mama yule alikuwa akivuta kwa ndani, baba akiuona mkono wake, kioo tu katikati yao.

"Nilitafuta jiwe. Kulikuwa na matope tu. Nikarudi kwa lori kuchukua mtungi wa maziwa."

Alivunja kioo kwa ule mtungi, pigo la tatu. Alifanikiwa kumtoa yule mama. Bwanake alikuwa upande wa pili.

"Nilimrudia yeye," akasema baba. "Alikuwa ametulia."

Nilikuwa nimesimama kwenye samadi na viatu vya ofisini, na hasira yangu yote haikuwa na mahali pa kwenda.

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia nimechelewa sababu ya matope. Haikuwa uongo." Akahamia titi lingine. "Mimi hufikiria ile kwenda kwa lori na kurudi. Kama mlango ungefunguka mara ya kwanza nikivuta."

Nilikuwa nimesoma mambo ya loki, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kushinda mabishano. Nilijua kwamba gari likizama, maji yenyewe husukuma mlango usifunguke, loki iwepo isiwepo. Nilijua mlango uliofungwa haufunguki ovyo gari likigongwa, na kwamba magari mengi ya siku hizi hufungua loki yenyewe baada ya ajali. Nikamwambia, kwa upole kuliko nilivyokusudia, kwamba huenda ni maji yaliyouzuia ule mlango.

Alilifikiria kweli, mikono imesimama. "Huenda," akasema. "Lakini mkono wangu hauamini."

Ndipo nikamwambia habari ya mkoba wangu. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia foleni, shati safi, na yule mtu alivyoufunga mlango polepole.

"Ulisema ulisahau."

"Nilidanganya."

"Alikugusa?"

"Hapana."

"Ulikuwa mlango gani?"

"Wa mbele, wa kushoto."

Alitikisa kichwa, akasema, "Pole, mama," akarudia kazi yake. Nilishika ndoo tukaingia ndani.

Njiani kurudi Nakuru nililiwaza jambo hili na halijaniondoka mpaka leo. Yule mwizi na baba yangu walifanya kitendo kimoja. Wote wawili walisimama nje ya gari la mtu na kuvuta mlango. Loki haiwezi kujua nani amekuja kuiba na nani amekuja kuokoa. Inafunga tu, kwa uaminifu uleule, na ni sisi tunaojua baadaye ilitufaa au ilituponza. Sikuacha kuipenda. Ila niliacha kuamini kwamba baba ni mkaidi tu, na hilo lilinitia aibu, maana nilikuwa nimeliamini kwa raha.

Jumatatu nilipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari. Nilimweleza ninachotaka, akaniangalia kwa huruma.

"Madam, watu huja hapa kuwekewa hiyo kitu. Wewe unataka itolewe?"

"Toa."

Alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akabonyeza hapa na pale, akasema tayari. Nilizunguka mtaa mmoja kujaribu. Ishirini, thelathini, arobaini, kimya. Nilijihisi kama nimetoka nyumbani bila kuvaa viatu.

Siku ya kliniki baba alipanda, akaweka bahasha magotini. Tulipopita kwa jirani wa pili alitega sikio. Mkono wake wa kushoto aliuweka juu ya mshikio wa mlango na kuuacha hapo, mlima wote hadi Bahati, akinisimulia ng'ombe anayetarajia kuzaa. Nilimsikia nusu tu. Nilikuwa nikihesabu kilomita za kufika mjini, kwa sababu nilikuwa nimeapa sitafunga mlango wowote akiwa ndani, na nilijua njia yetu inapita palepale karibu na soko.

Foleni ilikuwepo. Ilikuwepo kama ilivyokuwa. Magari yalisimama, watu wakaanza kupita katikati yake na maji ya chupa na njugu, na viganja vyangu vikaanza. Nilishika usukani kwa nguvu na kutazama mbele. Nilidhani nimeficha vizuri.

Baba alinyamaza katikati ya habari ya ng'ombe. Nikaona vidole vyake vinatoka kwenye mshikio na kupapasa mlango, taratibu, vile vinavyotafuta titi zizini, mpaka vikapata kile kidude nilichomwonyesha siku ile ya kwanza. Akakisukuma mwenyewe. Tak.

"Baba, si lazima."

"Ndio mlango huu, sivyo?"

"Ndio huo."

Akarudisha mkono wake juu ya mshikio na kugeuza uso kuelekea kioo, kuwatazama wapita njia ambao sijui aliwaona kiasi gani.

"Basi endesha," akasema. "Sasa una mtu."