Mlolongo wa Mama Mkwe

Chama chetu ni kidogo. Nasema hivyo kwa mapenzi, jinsi mtu anavyomsema ng'ombe wake wa pekee. Mwaka ule tulipokutana kumchagua kiongozi mpya, wajumbe wa nchi nzima walienea kwenye ukumbi mmoja wa Bondeni, hapa Nakuru, na bado viti vikabaki. Tulikuwa wapangaji, wachuuzi, walimu waliochoka, wanafunzi wa chuo kikuu ambao hawajachoka bado, na wakulima wadogo wa maziwa. Mimi nilikuja na wajumbe wa Njoro. Kazi yangu ni kuzunguka na mbegu za madume bora, ili ng'ombe wa watu washike mimba bila dume kuonekana bomani. Watu huniita daktari, nami sijawahi kuwakosoa.

Mzee aliyekianzisha chama alikuwa anastaafu. "Magoti yangu yamegoma," alituambia, "na mgomo ni haki ya kila mfanyakazi." Waliotaka kiti chake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa wakili wa Milimani, mtu mzuri, mwenye hotuba ndefu na viatu vinavyong'aa, aliyetaka kuihamishia ofisi ya chama Nairobi. Wa pili alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe anauza mboga na dagaa wa omena Bondeni. Maji yalipokatwa mtaani, ndiye aliyewapanga akina mama na mitungi yao mitupu mbele ya ofisi za wakubwa mpaka mifereji ikalia tena. Kila mkutano wa chama yeye ndiye aliyepika, na ofisi akaifagia tangu mke wangu akiwa msichana wa shule. Mke wangu alipomuuliza kwa nini anajitosa kwenye siasa za kugombea, alijibu, "Hicho kiti nimekipanguza vumbi miaka yote. Sasa nataka kukikalia." Maneno hayo niliyapata kwa mke wangu, kwa sababu mimi na mama mkwe hatukuwa tunaongea.

Hatukugombana, hapana. Ni mila. Kwetu magharibi, mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawali meza moja, hata hawatazamani sana. Wakikutana njiani, mmoja anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Wakiwa na jambo la kuambiana, wanampitia mtu wa tatu. Mwiko huo unaondolewa kwa kondoo: mkwe anamleta, mama mkwe anampokea, basi yamekwisha. Nilituma ujumbe kuhusu kondoo mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Jibu likarudi: "Bado." Nikatuma tena tulipopata mtoto wa kwanza. "Bado." Tulipopata wa pili sikutuma. Hata mimi nina kiburi changu. Lakini iliniuma, na inaniuma kuandika kwamba iliniuma.

Uchaguzi wetu ulikuwa wa mlolongo. Kila mgombea anasimama mbele, na anayemtaka anapanga foleni nyuma yake. Wazee walinuna kusikia hivyo, maana waliikumbuka ile milolongo ya zamani, foleni fupi ilipotangazwa mshindi na ndefu ikarudi nyumbani ikijikuna kichwa. Mzee akawatuliza kwa kutunga sheria zake. Kila mtu atamshika bega aliye mbele yake ili foleni isikatike. Aliyesimama amesimama: hakuna kuhama, hakuna kuingia katikati. Atakayevunja hayo, kura yake imeoza. Tulipiga makofi. Hakuna aliyejiuliza sheria hizo zingekutana na nini.

Wagombea wakasimama mbele, wametugeuzia migongo. Watu wa wakili wakaruka mara moja, wakapangana mabega kwa mikono huku wakipiga miluzi. Nyuma ya mama mkwe hapakuwa na mtu. Akina mama wake walikuwa jikoni wakisukuma chapati, hawakujua kura imeanza. Wengine walikuwa wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, kama watu waliofika mapema kwenye sherehe. Yeye alisimama wima, sweta ya kijani, leso zake mbili kiunoni, wala hakugeuka kuangalia. Lakini niliona vidole vyake vikikunja pindo la leso, vikikunja na kukunjua.

Mke wangu alikuwa dirishani nje, kifungua mimba wetu kando na mdogo mgongoni. Si mwanachama, husema nyumba ikiwa na wanachama wawili watoto watalala njaa. Alinitazama mara moja tu. Kisha mtu fulani upande wa wakili akacheka, "Si mama arudi tu jikoni?" Damu ikanichemka. Miguu yangu ikaondoka kabla ya kichwa, ikavuka ukumbi, ikasimama nyuma ya mama mkwe, na hapo ndipo kichwa kilipofika. Nilikuwa nimesimama hatua kadhaa kutoka kwake, na mkono wangu haukuweza kwenda mbele.

Nyuma yangu watu wakazibuka. Mwalimu mmoja kutoka Bahati akanishika bega, mwingine akamshika yeye, na akina mama wakatoka jikoni mbio na unga mikononi. Foleni ilifika mlangoni, ikapinda kuelekea jikoni. Ilikuwa ndefu, nzuri, yenye kelele. Tatizo ni kwamba ilianzia kwangu.

Katibu alikuja kuhesabu, akasimama kwenye lile pengo, akanitazama juu mpaka chini. "Mzee," aliita, "hapa naona wagombea watatu. Kuna huyu mama hana mtu, halafu kuna daktari wa ng'ombe ako na watu wengi sana."

Ukumbi ukalipuka. Vijana wa chuo wakaanza kuimba "Daktari! Daktari!" na kupiga meza. Mimi, ambaye sijawahi kugombea hata uongozi wa darasa, nikawa kwa muda mfupi nakaribia kukiongoza chama cha wanyonge nchi nzima.

"Komredi, songa mbele ushike bega!" Mzee akaamuru.

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini?"

"Huyo ni mama mkwe wangu."

Nusu ya ukumbi ilisema "Ooooh!" kwa sauti ya kuelewa kabisa. Nusu nyingine, ile ya vijana, ikapandwa na hasira. Msichana mmoja wa chuo akapanda juu ya kiti. "Wasee, hii ni mambo ya kitambo! Ni ukabaila! Kwa chama hakuna mkwe, kuna komredi tu. Buda, shika bega tumalize!"

"Wewe umeolewa?" mama mmoja mwenye unga akamuuliza.

"Bado."

"Basi shuka hapo kwa kiti."

Wengine wakasema mtu mwingine aingie katikati yetu. Mzee akatikisa kichwa: sheria ni sheria, hakuna kuingia katikati. Wengine wakasema niondoke. Nikiondoka nimehama, na waliojishika kwangu watakuwa wameshika hewa, kura zote zioze. Mjumbe mmoja mwenye miwani alitaka kutueleza msimamo wa tabaka la wafanyakazi kuhusu wakwe, akaombwa akae. Jikoni chapati zilianza kunuka kuungua na hakuna aliyethubutu kuzikimbilia, maana kukimbia ni kuhama. Nilikuwa nimejitolea kumsaidia mama mkwe kwa mara ya kwanza maishani, na sasa nilikuwa ndiye jiwe la kumzamisha. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Wakati huo wote yeye hakugeuka. Kisha tukamsikia akisema, kwa ile sauti ya sokoni isiyohitaji kipaza sauti, "Katibu. Mwambie huyo mtu wa Njoro asisonge hata kidogo."

"Amesikia, mama."

"Mwambie hivyo tu. Kusikia ni juu yake."

Katibu, ambaye pia ana kwao, akanigeukia kwa heshima zote na kuniambia nisisonge. Mama mkwe akafungua leso zake mbili kiunoni. Akazifunga pamoja kwa fundo moja kubwa, akavuta kulijaribu, kisha akatupa ncha moja nyuma juu ya bega lake bila kutazama. Ilitua kifuani pangu. Nikaishika. Yeye akaishika ncha ya pili. Leso ikanyooka kati yetu.

"Je," Mzee akauliza taratibu, "leso ni bega?"

Akasema hilo hawezi kuliamua peke yake, kwa kuwa kuna mwenye haki ya kupinga. Wote tukamtazama wakili. Alikuwa bado amesimama mbele ya foleni yake, ametazama ukuta. Tuliona mabega yake yanatikisika, tukadhani amekasirika. Alipogeuka machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka.

"Mzee, mimi niko na mama mkwe kule Kericho. Ningeambiwa leo nimshike bega, ningehama hii nchi. Leso ipite!"

Ikapita. Katibu akaanza kuhesabu kuanzia leso hadi jikoni, na hata kabla hajamaliza kila mwenye macho alijua. Mzee alipotangaza, vigelegele vilipanda mpaka watu wakatoka madukani kuuliza kuna harusi gani. Wakili ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia. Tulikula chapati zilizoungua upande mmoja na hakuna aliyelalamika. Mama mkwe alikaa kwenye kile kiti, akakigusa mikono ya pembeni, akasema kina vumbi. Nililia kidogo. Nilisingizia moshi.

Baadaye alizunguka akiwashukuru wajumbe wote kwa mikono miwili. Nilimwona anakaribia, nikaanza kukumbuka kitu nilichosahau nyumbani. Alisimama umbali ule ule wa asubuhi, akamtazama mke wangu aliyekuwa karibu nami, akasema, "Mwambie bwanako chama kiko na kazi nyingi, na mimi siwezi kila siku kutafuta katibu wa kutafsiri. Alete huyo kondoo."

Mke wangu aligeuka kunipa ujumbe. Nikamwambia nimesikia.

Nilimchagua mwenyewe kwa mfugaji mmoja juu ya Njoro, kondoo mnene mwenye uso mweusi, nikamwosha kama bibi harusi. Jumapili tulimpeleka Bondeni. Jirani zake wote walikuwa wametoka nje kwa kisingizio cha kuanika nguo. Mama mkwe alimshika kondoo mgongo, akambonyeza mbavu kama anavyobonyeza nyanya za watu wengine sokoni, akamfunga kwenye mti. Kisha akanijia, akanyoosha mkono, nami nikaupokea. Ulikuwa mgumu, wa moto, na haukuwa na haraka ya kuniachia.

"Komredi," akaniambia mimi mwenyewe, macho kwa macho, "siku ile ulivuta hiyo leso kwa nguvu sana. Ulifikiri nitakimbia?"

"Hapana, mama. Niliogopa mimi ndiye nitakimbia."

Akacheka, akanivuta ndani kwa mkono ule ule, akanionyesha kiti mezani kwake. Chakula kilikuwa tayari.