Mkono Ulioshukiwa na Roho

Mwaka jana mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka nikikata kola za sare ya shule kibandani kwangu, soko la Jericho. Nikadhani ni njaa. Nikanywa chai, nikala andazi, mkono ukaendelea na shughuli zake. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ni fundi wa jina tu, na mimi sina kazi nyingine.

Sisi ni watu wa kanisa la kanzu nyeupe, lililokuja mjini na wazee wetu kutoka magharibi. Kwetu mtu akitetemeka hapelekwi hospitali, hupigiwa ngoma. Jumapili ile akina mama wa kanisa walipouona mkono wangu walifurahi mno. "Roho amekushukia, dada. Usimzuie." Mama yangu, aliyeniombea kipawa hicho miaka mingi, alilia kwa furaha. Nilimwonea huruma, lakini hasira zangu ziko karibu. Njiani nikamuuliza, "Roho gani huyu, mama, anashukia mkono mmoja tu, tena ule wa kazi?" Alikaza mwendo mpaka tukafika nyumbani.

Miezi miwili nikashona mapindo yaliyopinda. Wateja wakahamia kwa jirani kimyakimya, na wengine wakanong'ona kwamba siku hizi nakunywa. Hapo niliogopa kweli, nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa kuweza kuwa binti yangu, na hakuwa na haraka. Baada ya vipimo vyake alikaa mkabala nami. "Mama, hebu gonga meza na mkono wa kushoto, vile mimi nagonga. Huu mwingine usiuangalie." Alianza polepole, akaongeza mwendo, akapunguza ghafla. Nilikazana kumfuata. Kisha akasema, "Sasa angalia wa kulia."

Ulikuwa umetulia pajani, kimya kabisa. Nimeishi na mwili huu miaka arobaini na sita, kumbe una chumba ambacho sijawahi kuingia.

"Kwa hivyo naigiza?" nilimuuliza kwa ukali.

"Hapana. Mtetemeko ni wa kweli. Mishipa yako iko sawa, ni ule ujumbe wa ubongo unapotea njia. Wakati mwingine hali hii inakuja mtu akibeba mambo mazito, wakati mwingine hatujui. Lakini mkono unaweza kufunzwa tena."

Nikamwambia kuhusu baba. Nilimshonea kanzu ya kuzikwa mwezi mmoja kabla ya mkono kuanza, nikaimaliza bila chozi hata moja. Aliliandika hilo, ila hakusema ndilo jibu.

Jioni mama alikuwa akinisubiri mezani.

"Daktari amesema ni nani anautikisa?"

"Ni mimi, mama. Bila kujua. Lakini leo hospitalini ulitulia."

"Na nani ameutuliza?"

"Ni mimi pia."

Niliogopa kwamba nimemnyang'anya Roho wake. Mkono ulikuwa umeshaanza tena, mama akauchukua, akaugeuza juu chini. Kisha akaniletea sindano na uzi. "Nionyeshe."

Kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, nikaanza kugonga sakafu kwa mguu, nikihesabu mapigo kama daktari alivyonifundisha kabla sijaondoka. Mara ya kwanza uzi ulikosa tundu. Ya pili ukakosa. Ya tatu ukapita. Mama akauchomoa uzi polepole, akanirudishia sindano, akaniomba nirudie, aone tena.